Utepe Kwenye Shafti

Kaka Veikko amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mikono ameibana katikati ya magoti
isionekane inavyotetemeka.
Mimi niko chini, mgongo juu ya kadibodi.
Trekta dogo limeinuliwa kwa jeki na magogo mawili,
maana jeki, anasema, ni rafiki wa dakika kumi.

Aprili ya kaskazini mwa Michigan: theluji bado imelala
upande wa ghala usiopata jua, nyeusi kama kitambaa cha fundi.
Wiki tano zijazo nyasi za makaburi ya kanisa zitafika magotini,
na mkataji mwaka huu ni mimi.
Hakuna aliyeniuliza. Veikko alinitupia funguo mezani,
zikateleza, zikagota bakuli langu la supu.

"Anza na giaboksi," akasema. "Visu kila mtu anavinoa.
Giaboksi haina anayeikumbuka mpaka ilie."

Naikwangua. Tabaka la nyasi za miaka
limekauka, gumu kama mkate uliosahauliwa kabatini.
Chini yake chuma, kidogo kuliko nilivyodhani,
kama kichwa cha ndama mchanga.
Na kazi yote ile! Kupokea mzunguko uliolala
na kuusimamisha wima,
mara elfu mbili na zaidi kila dakika, gizani.

Nafungua juu. Kijiti cha kupimia kinatoka
na rangi ya chai ya maziwa.
Nilitegemea asali.
"Maji," nasema.
Veikko hajibu. Anatazama mlango
kama mtu aliyesikia gari lisilo lake.

Tundu la kumwagia, waliolitengeneza hawakuliweka.
Navuta oili kwa bomba la sindano tulilonyweshea ndama dawa,
bomba baada ya bomba, ndani ya kopo la kahawa.
Harufu ya kiberiti inapanda, ile ile
iliyokaa kwenye kola za baba, hata za Jumapili.
Nainamisha kopo kwenye taa: chini panametameta.
"Unga au vipande?"
"Unga."
"Unga ni uzee. Kipande ndicho msiba."

Kisha kisu cha kati. Nati yake
inanigharimu ngozi ya kidole na neno moja la Kifini.
Na pale, shingoni mwa shafti,
kitu kimejizungusha, kimeyeyuka, kimekaza,
kimeula mdomo wa sili.
Nakichokoa. Kinatoka uzi kwa uzi,
halafu upana wa kidole:
utepe. Wa samawati. Herufi mbili za dhahabu zimesalia,
Ä, I,
mwanzo wa neno tulilomwitia mama.

Niliuweka mimi. Agosti, kwenye shada la waya,
na sikurudi kuliondoa,
ingawa kibao cha langoni kinasema, kwa rangi ya Veikko mwenyewe,
kila mtu aondoe mashada yake.

"Ulijua?"
"Nilisikia. Septemba. Sauti ilibadilika, pale kwake."
"Mbona hukufungua?"
Anaitoa mikono magotini,
anainyoosha kwenye mwanga,
anairudisha.

Sili mpya ni pete ya mpira, bei ya vikombe viwili vya kahawa.
Naipaka grisi, naigonga kwa kipande cha bomba,
tu, tu, nikizunguka, tu.
"Usiiamuru. Ibembeleze."
Oili mpya hadi kwenye alama, isivuke;
ikizidi itatafuta mlango.
Kitundu cha kupumulia nakizibua kwa sindano ya kushonea:
nyigu alikuwa amekijaza udongo.
Utepe nimeufuta, umo mfukoni mwa ovaroli. Sijui wa nini.

Sasa nazungusha shafti kwa mkono.
Veikko ameshuka kwenye ndoo, amepiga magoti,
jambo ambalo hata kanisani ameliacha,
ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni.
Bisibisi nayo inatetemeka.
Siwezi kujua anasikia beringi
au anasikia mkono wake.

"Zungusha."
Nazungusha.
"Tena."